Leo, Ila Leo ya Asubuhi

Sawa, stika za kalenda mnazonitumia nimeziona. Ile sauti ndefu ya yule jamaa yangu, anayosimulia nilivyogombea siti ya basi na mama mmoja, nayo nimeletewa, tena na watu ambao hata namba zao sina. Niseme jambo moja kabla hamjaendelea: yule mama sikumvuta mkono. Mengine yote ni kweli, ila alivyoyapanga yeye yananidhalilisha ovyo ovyo. Ngoja niyapange mimi yanidhalilishe kwa utaratibu.

Kwa wageni humu: mimi ndiye katibu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana. Ndiye yule anayehesabu miezi kwenye vifundo vya ngumi, kifundo siku 31, bonde siku 30, Februari mnaijua wenyewe. Ndiye niliyempiga faini dada wa watu kwa sababu rejesho lake liliingia saa 6 na dakika 4 usiku. Akaniuliza, "Katibu, si bado usiku uleule?" Nikamjibu mbele ya kikundi kizima, "Dada, siku inaisha saa 6 kamili. Muamala umepita." Maneno hayo yashikilieni.

Binamu yangu anaoa Machame. Mahari Jumamosi tarehe 27, saa 4 asubuhi, na mshenga ni mimi, eti kwa kuwa najua kuongea. Zamani ungelazimika kutoka Dar siku moja kabla, maana mabasi ya usiku yalipigwa marufuku tangu miaka ya tisini. 2023 yakaruhusiwa tena, basi nikaona nitoke kazini Ijumaa, nioge, nilale kwenye siti, niamkie Moshi. Nikaingia kwenye simu. Basi la usiku lipo: 00:30. Nasafiri lini? Ijumaa usiku. Ijumaa tarehe ngapi? 26. Bonyeza, lipa, kwisha. Nikaurushia ukoo mzima picha ya tiketi na maneno "watu makini hukata mapema".

Ijumaa saa 5 na nusu usiku nipo stendi ya Magufuli pale Mbezi, suti kwenye hanga, jamaa yangu kanisindikiza. Konda akaimulika tiketi kwa tochi ya simu, akaona 26, akasema panda mzee. (Konda huyu ana fungu lake kwenye msiba huu, lakini sioni mtu anayemtumia stika.)

Siti namba 14, dirishani. Imekaliwa na mama mtu mzima, kitenge begani, kapu la nazi miguuni, anatafuna karanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, umekaa siti yangu."

"Hii? Hapana baba, hii nimeandikiwa mimi."

Mwenye akili zake angeitoa tiketi akaisoma upya. Mimi nilitoa hotuba. Kwa sauti ile ile ya kikao cha marejesho nikamwambia, "Mama, tiketi haiangaliwi namba peke yake. Ina tarehe. Huenda yako ni ya kesho." Naapa nilisema hivyo, na basi zima lilikuwa limenyamaza linanisikiliza. Kijana mmoja wa nyuma akasema mwachie mama wa watu. Nikamjibu haki haina umri.

Mama akafungua pochi. Akatoa leso, akatoa funguo, akatoa kopo la dawa ya kuchua, vyote akavipanga mapajani, ndipo akaibuka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikaikunjua. Nikamulika. 27! Nikaiinua juu ili hata wa nyuma waione.

"Jamani, leo tarehe ngapi?"

Basi zima: "Ishirini na sita!"

"Asanteni."

Mama akaanza kukusanya vitu vyake. Nazi moja ikachomoka kapuni ikabingirika hadi kwa dereva, na mimi, kwa huruma kubwa, nikasema, "Taratibu tu mama, hatuna haraka."

Hapo binti wa siti ya 13 akachomoa kisikizio sikioni. "Mbona hata yangu ni 27?" Wa mbele yake akasema na yangu. Wa ng'ambo na yangu. Ikaenda hivyo siti kwa siti hadi nyuma kabisa, ishirini na saba, ishirini na saba, ishirini na saba, na kwa muda wote huo, wapendwa, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba basi zima limekosea.

Konda akapanda. Akaichukua yangu, safari hii akaisoma hadi chini kwenye saa.

"Kaka, gari yako imeshaondoka."

"Imeondokaje? Tarehe si ya leo?"

"Ya leo."

"Sasa?"

"Leo ya asubuhi. Sifuri sifuri thelathini. Jana ulipokuwa umelala, wewe ulikuwa safarini."

Walicheka hadi wapiga debe wakachungulia madirishani. Jamaa yangu alikuwa hapo nje, simu juu. Mama peke yake hakucheka. Alinipa karanga kwenye kiganja, na mimi, suti begani, nikazila.

Bibi yangu wa Tanga nilipompigia anipoze, ndiye alinimaliza. "Sasa wewe usiku wa Ijumaa si unaanza Alhamisi jua likizama? Hukusoma madrasa?" Kwa hesabu yake tiketi haina kosa lolote, tatizo ni mimi na dini yangu.

Mengine haraka haraka. Nauli hairudi. Siti hakuna. Kabla sijashuka basini sauti ilishafika kwenye kikoba, na yule dada wa dakika 4 akajibu, "Pole Katibu. Muamala umepita." Nikapata basi la saa 11 alfajiri, Machame nikafika saa 10 jioni. Ushenga aliusimamia mjomba, mtu ambaye hata bei ya fungu la nyanya hajawahi kuipunguza, akaitikia kila alichotajiwa. Binamu haniongeleshi.

Wazee wa kule wakanipiga faini: mbuzi mmoja kwa kuwachelewesha, beberu, afikishwe ndani ya siku saba. Sikuthubutu kuuliza kama ile Jumamosi yenyewe inahesabiwa.