Draiva ya netiwaki, usiniamshie mashine kwa kila mlio

Mwezi wa saba Uyole, Mbeya, baridi inang'ata mpaka mifupa, mi nimejifunika blanketi mbili, kumbe kaboksi kangu ka seva ka Linux kule dukani Mwanjelwa hakalali hata dakika tano. Kanatumia betri ya sola, jioni nakalaza (suspend, kasinzie kabane umeme), asubuhi nafika betri imekata. Wiki nzima namlaumu fundi wa sola wa watu, nusura ninunue betri mpya.

Siku moja nikabaki hadi usiku nikakavizia. Nakalaza, mara taa hiyoo, kameamka! Nikasoma faili la /sys/power/pm_wakeup_irq, linalotaja namba ya intarapti (mshtuo kutoka kwenye kifaa) iliyoamsha mashine, likaniambia 47, kwenye orodha ya /proc/interrupts 47 ndo eth0, yaani kadi ya netiwaki, na hakuna aliyetuma pakiti ya kuamsha, ni ARP tu za simu zilizounganishwa na waifai ya dukani zikiulizana nani yuko wapi. Wakati nilishaizima hiyo Wake-on-LAN (kuamshwa kupitia netiwaki) kwa amri ya ethtool mwenyewe!

Nikafungua kodi ya draiva, programu inayoendesha kadi hiyo, iliyokuja na hako kaboksi. Kwenye suspend inaita enable_irq_wake (inayoruhusu intarapti kuamsha mashine) moja kwa moja, device_may_wakeup (inayosema kama mwenye mashine ameruhusu) haiulizwi kabisa, halafu kwenye resume, yaani kuamka, disable_irq_wake ya kuifuta ruhusa haipo, kwa hiyo hesabu inapanda kila ukilaza na haishuki tena. Nikacheka kwa hasira.

Mi naona hivi bhana, kuamsha mashine ni ruhusa ya mwenye mashine, draiva haina mamlaka hayo. Mlinzi unamwambia aje akugongee akifika mtu fulani, yeye anakugongea kila mbwa akibweka, huyo utamlipa? Na chipu yenyewe iambiwe isubiri nini: pakiti ya kuamsha ina baiti sita za FF halafu anwani ya MAC (namba ya kadi yenyewe) mara 16, baiti 102, kitu kinachojulikana kabisa.

Wengine wanakimbilia bendera ya IRQF_NO_SUSPEND eti ndo dawa. Hiyo haiahidi kuamsha kitu, inaacha tu intarapti wazi wakati wa kulala, basi hendla (kodi ya draiva inayoshughulikia intarapti) inaitwa huku kadi ishakatiwa umeme, inasoma rejista za kadi inapata takataka au mashine inaganda. Hiyo waachieni wanaoandika draiva za taima. Kwa enable_irq_wake kerneli (moyo wa Linux) inasikia mlango umegongwa, inaamka kwanza, hendla inakuja baadaye kadi ikiwa hai.

Nikaongeza if mbili za kuuliza device_may_wakeup kwanza, moja kulala moja kuamka (hapo ndo disable_irq_wake inaitwa), na set_wol, inayopokea amri ya ethtool, nikaifanya iite device_set_wakeup_enable ili ruhusa ifuate ninachosema mimi. Sasa kanalala mpaka asubuhi, na ile hela ya betri nimenunulia gunia la viazi.