Asilimia Kumi, na Mimi Simo

Leo asubuhi nimeondolewa kwenye benchi langu mwenyewe, na mke wangu mwenyewe, eti kikundi chao cha wanawake cha kuomba mkopo kina kikao. Wanakaa uani kwangu, chai imechemka kwa mkaa wangu, halafu mwenye nyumba nahamia barazani kwa jirani kama mpangaji anayedaiwa kodi. Na faili lao likitakiwa kata, nani analipeleka? Mimi.

Hii mikopo ya halmashauri mnaijua. Asilimia 10 ya mapato ya ndani, haina riba: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Haya, jumlisheni. Mwanaume aliyevuka hamsini kaachiwa ngapi? Waliomo sina ugomvi nao, wanastahili. Nauliza hesabu tu.

Basi juzi nimevaa koti langu la harusi za watu, nimefika kata na faili, nikasema kwa kuwa nimeshafika ngoja nijaribu na langu. Afisa maendeleo ya jamii ni binti mwenye adabu zake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Na mimi nataka kuomba."

"Kikundi cha vijana?" Foleni nyuma yangu ikacheka. Nikarekebisha kola.

"Baba, una ulemavu?"

"Magoti yananiuma mvua ikikaribia."

"Huo si ulemavu, baba. Huo ni umri."

"Basi na umri upewe asilimia yake!"

Akashika kalamu. Moyo ukanidunda, nikajua ndiyo naandikwa. Kumbe anazungushia kosa kwenye katiba ya kikundi: mweka hazina hajasaini ukurasa wa tatu. Na kwenye muhtasari, muhuri wa mtaa umegongwa juu ya tarehe, haisomeki. Nikauliza, mwanangu, si maombi siku hizi yanajazwa mtandaoni? "Yanajazwa, baba, ila na karatasi tunazitaka."

Nikarudi mtaa. Mwenyekiti muhuri anao, wino umekauka. Akaupumulia, haa, haa, akagonga kwa nguvu zote, meza ikayumba, likatokea nusu jina. Nikalipeleka hivyo hivyo. Binti akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Baba, nusu nyingine iko wapi?"

Sasa mimi nusu ya muhuri nitaijulia wapi? Koti limeshalowa jasho mgongoni, na mkopo wenyewe si wangu!

Mwaka 2023 serikali iliisimamisha mikopo hii, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Moja ya kelele za wakati ule ilikuwa vikundi hewa. Hewa, jamani! Hewa imekopeshwa, mimi mwenye nyama na mifupa naambiwa sina kundi.

Na hayo mapato ya ndani yanatoka wapi? Leseni, ushuru, vibali, vyote tunatoa sisi. Ada ya taka nalipa, gari halionekani, mfuko unaoza mlangoni, mvua ikinyesha mtaro unarudisha kila kitu mpaka chumbani, tunalala tumekalia vitanda na viatu mikononi, watoto wanakohoa, kesho yake mtoza ada huyooo, kashika risiti! Basi.

Asasi nazo hazijambo. Zimeshatujengea uwezo mpaka uwezo umejaa, mtaro ndio haujajengwa. Kijana wao alikuja na kishikwambi kuniuliza nakula milo mingapi. Nilipomuuliza na mimi nitapata nini, akasema nimeshapata: nimehesabiwa.

Mradi wao wa mwisho umetuachia bango lenye nembo za wafadhili, zimepangwa vizuri sana. Fundi viatu kaling'oa kalifanya paa, na simlaumu, halivuji. Ninachomlaumu ni kiatu changu cha kushoto. Nimekifuata jana, nakuta kibanda kimefungwa, fundi kaenda semina ya ujasiriamali. Ya siku tatu. Na posho ipo.