Ukipata nafasi ya Desemba, ichukue

Kila Novemba Waswahili wenzangu wa Uingereza hupeana ushauri ule ule: mtihani wa udereva usogeze hadi Machi, giza litakuponza. Mimi siafiki hata kidogo.

Hofu yao naielewa. Wengi tumekuja na leseni za Tanzania au Kenya, na huku zinatambulika kwa miezi 12 tu tangu uhamie. Baada ya hapo unabandika L nyekundu kwenye gari kama kijana wa miaka 17. Inauma, hasa kwa mtu aliyewahi kupandisha lori mlima Kitonga. Kushika kushoto si tatizo, ndiko tulikozoea. Tatizo ni jua. Kwetu giza huingia saa moja kasoro au saa moja na kitu, mwaka nenda mwaka rudi. Hapa Glasgow, katikati ya Desemba, jua linachomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama.

Lakini mtahini anataka nini? Unaendesha kama dakika 40. Makosa madogo yakizidi 15 umeanguka, na kosa kubwa hata moja linatosha kukuangusha. Kwenda taratibu kwa kuwa lami imelowa hakukupunguzii kitu. Kanuni za barabarani za huku zenyewe zinasema barabara yenye maji inahitaji nafasi mara mbili ya kawaida kati yako na gari la mbele, na yenye barafu hadi mara kumi. Kusitasita kwenye kipilefti kisicho na gari, hilo ni kosa Juni na ni kosa Desemba.

Halafu kuna mambo ambayo kiangazi hakiwezi kukufundisha. Asubuhi ya baridi kali gari limeganda lote. Unakwangua kioo cha mbele chote, usijichongee kitundu cha kuchungulia, kisha vioo vya pembeni, taa na namba. Mkiingia wawili mkaanza kupumua, kioo kinashika ukungu kwa ndani. Hapo unaelekeza hewa ya moto kiooni na kuwasha AC. Ndiyo, AC, kwenye baridi hiyo hiyo, kwa sababu inakausha hewa. Mtahini naye anaweza kukwambia, gari likiwa linatembea, umwonyeshe unavyoondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma. Aliyejifunza Julai pekee hapo ndipo anapoanza kupapasa vitufe.

Wanorwe wamelitilia maanani. Kwao somo la kuendesha gizani ni la lazima, na anayefaulu kiangazi, usiku ukiwa mweupe, hupewa leseni ya muda mpaka alimalize somo hilo. Wasweden nao humpeleka mwanafunzi kwenye uwanja wa utelezi, gari limsereseke akiwa na mwalimu kabla halijamsereseka akiwa peke yake. Uingereza hakuna sharti la namna hiyo. Mtu anaweza kupata leseni Juni bila kuwahi kushika usukani usiku, na Desemba akajikuta peke yake kwenye barabara ya shamba isiyo na taa, mwenzake anamjia na taa kali usoni. Serikali isipomlazimisha, basi ajilazimishe.

Ubaya wa tarehe za baridi ni mmoja, na ni wa mfukoni. Kukiwa na barafu, theluji au ukungu mzito mtihani unaahirishwa, wakati mwingine asubuhi ile ile. Utapangiwa tarehe nyingine bila kulipa ada tena, lakini hela ya gari la mwalimu hakuna atakayekurudishia kwa sababu ya hali ya hewa. Kwa hiyo kabla hujathibitisha tarehe, muulize mwalimu wako waziwazi: mtihani ukifutwa, utanidai saa zile au hutanidai?