Imepanda kwenye uvimbe, haya, kwa hiyo?

Nimetoka kusoma pepa nyingine ya utafiti kuhusu saratani na RNA (nakala za jeni) zisizotengeneza protini, yaani nimechoka. Ni ileile! RNA ndefu fulani imepanda, yaani iko nyingi kuliko kawaida, kwenye uvimbe, inanyonya maikroRNA fulani (RNA fupi zinazobana utengenezaji wa protini) kama sponji, protini fulani inabaki bila mtu wa kuizuia, seli zinakua mbio, mwishoni eti "inaweza kuwa shabaha ya tiba". Badilisha jina la RNA na jina la kiungo tayari una pepa mpya, ndo maana viwanda vya pepa feki vimejazana humu.

Ugomvi wangu uko kwenye hiyo "imepanda". Ukifika msibani ukakuta umati, utasema hao ndo waliomuua marehemu?

Chukua MALAT1, mojawapo ya hizo RNA ndefu. 2003 wakaikuta iko juu kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao baadaye ilisambaa, basi ikashapewa kesi. 2012 wakatengenezwa panya wasio nayo, panya wazima kabisa, wanakua na kuzaa kama wenzao. Sawa, labda kazi yake inaonekana kwenye saratani tu. 2016 ikaondolewa kwa panya wenye saratani ya matiti, kusambaa kwenda mapafuni kukapungua, watu wakashangilia. 2018 kundi jingine likaizima kwa panya wa modeli ileile ya saratani, kusambaa KUKAONGEZEKA, na walipoirudisha kukashuka!

Wa 2016 walikata kipande cha DNA, wa 2018 hawakukata, walichomeka alama ya kusimamisha usomaji wa jeni. Ukikata DNA utajuaje kama umeondoa RNA tu au umeharibu na swichi ya jeni jirani? Ndo maana nang'ang'ania jambo moja: irudishe hiyo RNA peke yake uone kama hali inarudi kama mwanzo. Ila msikimbilie kufunga kesi, maana wale wa 2016 waliishambulia pia RNA yenyewe bila kugusa DNA na majibu yakaenda upande wao. Sasa kama RNA iliyochimbwa hivi bado inabishaniwa, wewe na grafu yako moja ya seli za kwenye sahani unanihakikishia nini?

Haya, nakubali, siyo zote. MaikroRNA mbili, miR-15a na miR-16-1, ziko kwenye kipande cha kromosomu 13 ambacho hupotea kwa wagonjwa wengi wa lukemia sugu ya limfosaiti (saratani ya damu), hiyo tunaijua tangu 2002. 2005 ikaonekana zinaibana BCL2, protini inayozuia seli kufa, 2010 panya waliofutiwa hizo mbili wakapata ugonjwa unaofanana na huo. Hapo nanyamaza.

Kwenye tiba, kuna dawa ya MRX34, nakala ya maikroRNA iitwayo miR-34a, jaribio lake kwa wagonjwa lilisimamishwa 2016 kwa madhara makali ya kinga ya mwili. Na miR-21, maikroRNA nyingine mnayoitangaza kila siku kama kipimo cha damu inapanda kwenye saratani kibao, inapanda hadi kwenye magonjwa ya moyo, sasa daktari akishaiona iko juu aanze kutafuta wapi?