Kamba Isiyo na Ncha

Mwenye mashua moja ya tanga iliyotia nanga katika hori ya Kilifi aliponiuliza kama naweza kumuungia kamba ya kukunjia tanga la mbele, nilikubali kabla hajamaliza swali, kwa kuwa mtu aliyelelewa na mjomba nahodha na kusokota kamba za makumbi tangu utotoni haulizwi mambo kama hayo. Kamba yenyewe ni ya mzunguko: huizunguka ngoma iliyo omoni na kurudi tezini kwa mshika usukani, na ukivuta upande mmoja tanga hujikunja, ukivuta wa pili hukunjuka. Ni kamba mbili ndani ya moja, kiini na ganda, na maungio yake yakinenepa hukwama kwenye ngoma.

Nilifanya kazi hiyo barazani kwangu tangu alasiri hadi isha. Kwa kamba ya milimita 10, sindano ya kuungia huwa na urefu wa mara 21 ya unene huo, yaani sentimita 21. Nilipima, nikachomoa viini, nikaingiza ganda la ncha hii ndani ya kiini cha ncha ile na kinyume chake, kisha nikalikamua ganda kama anayekamua ng'ombe mchoyo, mpaka maungio yakapotea kabisa. Niliwaita majirani wayatafute, wasiyaone. Nilikatia mkasi wa mke wangu, ambaye ni mshonaji na ambaye, kwa bahati mbaya, hakuwa ameombwa.

Asubuhi mjomba alinitazama kwa muda mrefu nikiizungusha kamba ile kwenye sitaha kuitafutia mlango. Vipete vyote vya kuiongoza ubavuni, pamoja na kile cha kwenye ngoma, vilikuwa vimefumba.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, "bangili hii unauvisha mnazi kupitia wapi?"

Niliikata. Nikaipitisha kila ilipotakiwa kupita, nikaanza kuunga upya papo hapo, na kwa kuwa kusi ilikuwa ikiiyumbisha mashua, nikaona ni busara kuipenyeza kamba katika tundu la kidole la mkasi, usije ukaanguka baharini. Baada ya saa mbili maungio yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza. Nikavuta kwa madaha. Tanga likajikunja nusu, likagoma, maana mkasi ulikuwa umesafiri na kamba hadi kipete cha kwanza na kukataa kuingia.

Kukata tena hakukuwezekana, kwani kila maungio hula kamba, na iliyobaki ilitosha kwa shida. Mjomba hakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi. Alinipa tu msumeno wa chuma, akanishikia mkasi.

Magharibi ile nilimrudishia mke wangu mkasi wenye tundu moja na nusu, na tangu siku hiyo suruali zangu hushonwa kwa fundi wa mtaa wa pili, kwa bei ya wageni.