Sakafu Inayoteremka: Tufanye Nini na Majumba ya Sinema ya Zamani Iringa na Mbeya?

Ukiingia kwenye stoo ile katikati ya mji wa Iringa bila kuambiwa kitu, miguu yako ndiyo itakayokuwa ya kwanza kushtuka. Sakafu inateremka. Unaanzia mlangoni ukiwa juu, kila hatua inakushusha kidogo, mpaka unafika chini kwenye ukuta mpana usio na dirisha hata moja. Mwenye duka la pembejeo aliyepanga humo ameweka matofali chini ya vichanja vya mbao, upande wa chini tu, ili mifuko ya mbolea isilalie ukutani. Geuka utazame ulikotoka. Juu ya mlango, karibu na dari, kuna vitundu vinne vya mraba: viwili vikubwa kidogo na viwili vidogo.

Mzee aliyenipeleka aliwahi kuchana tiketi kwenye mlango huohuo ujanani mwake. Aliwasalimu vijana wa stoo, "Kamwene," wakamwitikia kwa heshima, kisha akanionyesha vile vitundu kwa mkongojo. "Viwili vya mwanga, viwili vya jicho la fundi," akasema. "Mashine zilikuwa mbili, mwanangu. Mkanda wa huku ukikaribia kwisha, wa kule uko tayari. Fundi akisinzia kidogo tu, ukumbi mzima unampigia mluzi."

Alikuwa anasema kweli kabisa kuhusu kazi ile. Mkanda wa milimita 35 hupitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu la mita 300 huisha kwa dakika kama 11. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilimdai fundi abadilishe mashine mara nyingi bila watu kugundua.

Nilikwenda kwa sababu ya swali la rafiki yangu aliyekuwa ametoka Tangier, Moroko. Huko aliona Cinema Rif, jumba lililojengwa mwaka 1938, ambalo tangu miaka ya 2000 limekuwa nyumba ya filamu za Kiafrika na Kiarabu, lenye mgahawa mbele unaofunguka kwenye uwanja mkuu wa mji. Wageni hupanga safari kwa ajili ya majumba kama hayo. Wengine hufika Asmara, Eritrea, kuona Cinema Impero ya mwaka 1937, katika mji ambao UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017. Aliniuliza: kwa nini mtu asije Iringa au Mbeya akatembelea majumba yetu? Na kama hayafai kutembelewa, kwa nini tusiyarudishe yakafaa?

Swali zuri, na kila nilipojaribu kulijibu haraka nilijikuta nimeuonea upande mmoja.

Nianze na wanaosema yaachwe yalivyo, maana wana hoja kuliko wanavyosikilizwa. Majumba haya hayakufungwa kwa bahati mbaya. Wengi wa waliojenga sinema Tanganyika walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, na walijenga mahali palipokuwa na maduka, kwa matumaini ya faida. Filamu zilitoka pwani na kuzunguka mikoani. Kabla ya lami ya barabara kuu ya Zambia na kabla ya reli ya TAZARA kukamilika mwaka 1975, mizigo na abiria wa huku walitegemea sana mabasi ya Reli yaliyotoka Dodoma kupitia Iringa hadi Mbeya. Sinema iliyofika ilikuwa imechelewa, na mkanda umekwaruzwa na miji mingine, lakini watu walijaa. Raj Kapoor alilia nao. Bruce Lee alipokuja, kila mtoto wa mtaani alijua kwamba steringi hafi.

Kisha mambo yakabadilika moja baada ya jingine. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na usambazaji wa filamu ukaingia mikononi mwa umma. Mwaka 1971 sheria ya utwaaji wa majengo ilihamishia majengo mengi ya mijini kwa Msajili wa Majumba. Sitaki kuligeuza jambo hilo kuwa hukumu ya siasa nzima ya wakati ule. Nyumba nyingi zilizotwaliwa zilipangishwa watu ambao wasingeweza kuishi katikati ya mji. Ila kwa sinema lilikuwa na athari mahususi: anayeonyesha filamu akawa mpangaji, na mwenye paa akawa ofisi iliyoko mbali. Bati likivuja, kila mmoja anamtazama mwenzake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zikawa adimu, filamu mpya zikapungua, na mikanda ya video ikaanza kuingia sebuleni kwa wenye uwezo. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wengi walikuwa wameshazoea kutokwenda.

Kwa hiyo anayesema "watu walishahama" anasema jambo lililotokea. Leo kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, anaangalia filamu kwenye simu, na akitaka kelele za wenzake anakwenda kibanda umiza, analipa hela ndogo, anakaa kwenye benchi, anapata mechi na filamu iliyotafsiriwa na sauti ya mtu anayeijua lugha ya mtaa. Vibanda hivi vinadharauliwa, nami sikubaliani na dharau hiyo. Kwa miaka mingi vimekuwa mahali pekee ambapo mtu wa kipato cha chini anaangalia filamu pamoja na asiowajua.

Kuna hoja nyingine ya upande huo ambayo wapenzi wa majengo ya kale tunairuka. Tunapoyakumbuka majumba yale, tunakumbuka ya nani? Miji yetu iligawanywa na wakoloni kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na baadhi ya majina hayo bado tunayo Mbeya hadi leo. Viti viligawanywa kwa bei, na bei iliwaweka wengi mbele kabisa, shingo zikiuma. Nilimuuliza mama yangu mdogo, aliyekulia nje kidogo ya mji, kama aliwahi kuingia. Akaniambia, "Mimi? Nilipita nje nikielekea sokoni. Muziki nilikuwa nausikia." Wako wengi kama yeye. Akiombwa leo achangie kodi yake kufufua ukumbi aliousikia kwa nje, ana haki ya kuuliza maswali.

Halafu kuna pesa, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Chukua mfano wa hesabu ya kubuni: viti 200, kiingilio shilingi 3,000. Jumamosi ukijaza unapata 600,000. Katika hizo, kiasi cha nusu mara nyingi huenda kwa mwenye filamu. Jumanne wamekuja watu 12, sawa na shilingi 36,000, na umeme, mlinzi na fundi ni walewale. Mashine ya kisasa ya dijitali inayokubaliwa na wasambazaji wakubwa hufika makumi ya maelfu ya dola. Mpangaji wa pembejeo analipa kodi kila mwezi, Jumanne na Jumamosi ni sawa kwake. Jumba la sinema huuawa na Jumanne. Upendo wa watu wa Jumamosi, hata ungekuwa mkubwa namna gani, haulipi bili ya siku nne za katikati ya wiki.

Sasa upande wa pili, ambao moyo wangu uko nao, ingawa hesabu hiyo imenilazimisha nipunguze sauti.

Pita katikati ya Iringa saa mbili usiku. Soko Kuu limefungwa, maduka yamefungwa, bajaji chache zinasubiri abiria. Huu ni mji wenye Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha Katoliki, wenye maelfu ya vijana, na jioni wanachopewa ni baa au kurudi hosteli. Mbeya ina vyuo vikuu vya MUST na TEKU, na hali haina tofauti kubwa. Ukumbi unaofunguliwa usiku haufungui mlango wake tu. Unamleta muuza mishikaki, mama wa chai ya tangawizi, dereva wa bajaji anayejua kwamba saa nne kasoro watu watatoka. Katika mji wenye baridi kama huu, mahali pa kukaa ndani pamoja bila kulazimika kunywa pombe ni jambo kubwa.

Pia kuna watengenezaji filamu. Kijana wa Mbeya anayepiga filamu kwa kamera ya kuazima ataionyesha wapi? Akitaka skrini kubwa mara nyingi anafikiria Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi. Filamu inayoishia YouTube inapata watazamaji, ila aliyeitengeneza hapati kamwe kukaa nyuma ya ukumbi na kusikia watu wanacheka mahali ambapo hakutegemea. Hiyo ni shule, na huku kwetu hatuna.

Na jengo lenyewe? Hapa sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye yanahitaji kutangazwa na waziri. Jumba la sinema la katikati ya karne iliyopita, kwa umri wake tu, halina ulinzi. Linaweza kubomolewa ili ipande ghorofa ya maduka, na hakuna atakayekuwa amevunja kanuni ya urithi. Dar es Salaam, uwanja wa sinema ya kuangalia ukiwa ndani ya gari pale Msasani ni ubalozi wa Marekani leo.

Wanaotaka kuhifadhi hupenda kutaja Boma la Iringa, na mfano huo una uzito. Jengo la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20 lilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni. Watalii wanaoelekea Hifadhi ya Ruaha husimama hapo, wanafunzi hupelekwa, watu hukutana. Lakini tuwe waangalifu. Boma lilipata mradi, chuo nyuma yake na wafadhili. Makumbusho pia hayahitaji watu 200 waje kwa saa moja. Ukilichukua jumba la sinema ukaligeuza makumbusho ya sinema, utakuwa umehifadhi kuta na kuua kilichofanyika ndani. Watalii wa Ruaha nao huja zaidi kiangazi; huwezi kumtegemea mgeni wa Agosti alipe umeme wa Machi.

Jambo lililonishangaza katika matembezi yangu ni kanisa. Mbeya niliingia kwenye ukumbi wa zamani wa maonyesho ambao sasa ni mahali pa ibada, na nilikwenda nikiwa tayari kusikitika. Nilikuta paa limezibwa, nyaya mpya, viti vimepangwa vyote vikitazama mbele, na vipaza sauti vizuri kuliko vya baa yoyote ya jirani. Waumini wameulinda ukumbi kwa sababu wanauhitaji kama ukumbi. Stoo huweza kuujaza saruji sakafuni ili usawa upatikane. Duka linaukata vipande kwa kuta za mbao. Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza nani amelichukua jengo. Ninauliza kama anayelitumia anahitaji watu wengi wakae pamoja na kutazama upande mmoja. Akihitaji hilo, mteremko wa sakafu uko salama.

Upande wa pili wa sarafu unatoka Zanzibar. Tamasha la filamu la ZIFF, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, limeonyesha filamu ndani ya Ngome Kongwe, ngome ambayo haikujengwa kwa ajili ya sinema. Mtu anaweza kusema: basi filamu hazihitaji jumba lake, tupa shuka ukutani mwa shule, washa projekta. Ni kweli, na ningependa ifanyike kesho, alimradi kibali cha Bodi ya Filamu kimechukuliwa na mwenye filamu amelipwa. Lakini tamasha ni la siku chache na shuka hukunjwa. Mteremko ule wa sakafu, na ukuta ule usio na dirisha, vilijengwa kwa fedha ambazo leo hakuna halmashauri ya huku itakayozitoa upya. Tukivipoteza tutakuwa na shuka tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mdogo kuliko nilivyotarajia. Sidai sinema ya kila siku. Jumanne itaiua tena. Sidai wapangaji waondolewe. Nadai mambo matatu kwa mwenye jengo, awe shirika la umma au mtu binafsi: sakafu isijazwe, ukuta wa mbele usitobolewe madirisha, na chumba cha fundi kisivunjwe. Hayo hayamzuii mtu kuuza mbolea wala kuhubiri. Kisha usiku mmoja au mbili kwa mwezi, kwa makubaliano na mpangaji, projekta ya kawaida, filamu ya Mtanzania, mtengenezaji wake awepo, kiingilio cha mwanafunzi. Hapo ndipo mgeni wa kutembelea majumba ya kale atakuwa na kitu cha kutembelea.

Nilimgusia jambo hilo mwenye stoo kabla sijaondoka, nikitegemea anicheke. Alitazama mifuko yake, akahesabu kwa vidole. Mbolea ya kupandia inaanza kuingia Novemba, akasema, na ya kukuzia inaisha Februari, ikichelewa sana Machi. Mahindi mapya hayaji kabla ya Juni.

"Aprili na Mei humu panabaki nusu tupu," akasema. "Ila muje na tochi, taa za huko mbele ziliungua."

Mzee alikuwa ameshaanza kupanda kuelekea mlangoni, akihesabu safu za viti ambavyo havipo.