Steringi tunayemshangilia ni wetu kweli?

Juzi kwenye kibanda kimoja cha video hapa Bweyale, Uganda, walirudia muvi ya Black Panther, ile ya 2018, VJ (yule anayetafsiri muvi kwa sauti) anaiweka kwa Kiganda na sisi wa benchi la nyuma tunaelezana kwa Kiswahili, sasa kuna sehemu imenikaa kichwani mpaka leo. Kule mwishoni ndege zinatoka Wakanda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, na silaha za kuwapelekea watu weusi wanaoonewa duniani, anazitungua Ross, mzungu wa CIA, na kibanda kizima makofi na mbinja. Hata mimi, mkono ulishapanda juu kabla sijajiuliza nashangilia nini.

Wapo wanaosema hapo tunachezewa akili, Killmonger, huyo anayezituma ndege zile, ndo anasema ukweli kuhusu tulivyoonewa, sasa ili tusimfuate anaandikiwa roho mbaya, mpaka anampiga risasi mpenzi wake mwenyewe, halafu mfalme T'Challa, yule anayeelewana na wakubwa, anakuwa steringi. Wana hoja, tena nzito. Hata Avatar ya 2009, wenyeji wanachomewa makao yao sababu ya madini, kitu mtu wa Buliisa aliyehamishwa kupisha mafuta hahitaji VJ amweleze, ila anayewaongoza vitani ni askari aliyekuja na wavamizi!

Nikamwambia hivyo mzee wa Kongo tuliyekaa naye. Akatulia kidogo, akasema, "Kijana wangu, bunduki za kukomboa watu mimi nazijua, ndizo zilinileta hapa." Nikakosa jibu. Kumbe yeye alishangilia ndege zile zianguke kwa sababu zake kabisa, hakuna mzungu aliyemfundisha.

Kwa hiyo siwezi kusema tena watu wanameza tu, ila bado nina kinyongo na muvi yenyewe, kwa nini ugomvi uwe bunduki au kujificha kama Wakanda ilivyozoea, wakati Nakia, mpelelezi wa Wakanda, alishasema mapema kabisa kwamba Wakanda ina uwezo wa kusaidia watu na kupokea wakimbizi, na W'Kabi, rafiki wa mfalme (Daniel Kaluuya ndo anamwigiza, wazazi wake wa hapahapa Uganda) anamwambia mfalme ukipokea wakimbizi wanakuja na matatizo yao. Maneno hayo yanasikika kwenye kibanda ambacho nusu ya waliokaa ni wakimbizi, na hakuna aliyeguna, maana wote tulikuwa tunasubiri mapigano yaanze.